Kufundisha Somo la Mboji: Kutoka Lundo la Shule hadi Kiwanda cha Halmashauri

Waalimu wengi hufundisha somo la mboji kwa kuandika maana yake ubaoni. Wanafunzi hunakili, na somo huishia hapo. Katika makala hii tunakusudia kueleza njia ya vitendo, inayoanzia kwenye lundo la shule na kuishia kwenye kazi ya serikali za mitaa.

Kosa letu

Yatupasa kwanza kukiri kosa. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwaagiza wanachuo wetu wakusanye mabaki ya sokoni: maganda ya ndizi, mboga na matunda yaliyopondeka. Lundo lilikuwa dogo, lilijaa maji, wala halikuchanganywa na kitu kikavu. Baada ya siku chache lilinuka na kujaa funza, na mwalimu mkuu akaamuru lifukiwe. Wanachuo walilaumiwa kwa uvivu, nasi tukanyamaza, ingawa walikuwa wamefuata maelekezo yetu barabara. Watoto nao waliondoka na fundisho lililo kinyume cha lile tulilokusudia, yaani kwamba taka ni kitu cha kuzikwa tu.

Mambo ya msingi

Mboji hutengenezwa na vijidudu vinavyohitaji chakula, maji na hewa. Taka mbichi zina naitrojeni nyingi. Majani makavu, mabua na maranda yana kaboni nyingi. Mchanganyiko ufaao huwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Hewa ikikosekana, vijidudu vya aina nyingine hushika kazi, lundo hunuka na kutoa gesi ya methani. Lundo lisipungue meta moja kila upande, la sivyo joto hupotea. Likitengenezwa vyema, joto hupita nyuzi 55 za Selsiasi, nalo huua vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu.

Hatua za kufundisha

1. Wanafunzi watengeneze malundo mawili: moja la taka mbichi tupu, la pili lenye tabaka za taka mbichi na kavu.

2. Kila siku wapime joto na kuandika. Pasipo kipimajoto, wachomeke fimbo katikati ya lundo, kisha waichomoe na kuigusa.

3. Kila juma wageuze lundo la pili, na waeleze kwa nini joto hupanda tena baada ya kugeuzwa.

4. Wakamue konzi ya mboji. Ikidondosha maji, imelowa mno. Ikiachana kama vumbi, imekauka mno.

Kupanua somo

Hapo mwalimu aeleze kazi ya halmashauri. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande, kilichokusudiwa kupokea takriban tani 50 za taka za masoko kwa siku. Wanafunzi wakokotoe: lori la tani 7 litahitaji safari ngapi? Kisha wajadili ni nani atakayetenga chupa na vipande vya plastiki, na atafanya hivyo sokoni au kiwandani. Watagundua kwamba mitambo haiwezi kufidia uzembe wa mtu anayechanganya taka, maana mboji yenye vigae haina mnunuzi. Jiji la San Francisco, Marekani, lililazimisha wakazi kutenga taka zao kwa sheria ya mwaka 2009.

Tathmini

Mwalimu asiulize tu, "Mboji ni nini?" Awaonyeshe wanafunzi lundo linalonuka, awaulize wangelitibu vipi. Sisi tulirudi katika shule ile, tukawaomba radhi wanachuo mbele ya darasa, tukaanza upya pamoja nao. Lundo lililoharibika likawa ndilo zana yetu bora ya kufundishia.