Injini Isiyo na Nambari katika Gari la Kale: Itambuliweje?

Somo letu la leo linahusu jambo linaloweza kumpotezea mnunuzi akiba yake na kumtia fundi mwaminifu katika shaka: injini isiyo na nambari katika gari la kale. Tutatumia mfano wa Volkswagen Beetle, gari lenye umbo la kobe. Zaidi ya magari milioni 21 ya aina hiyo yaliundwa hadi uzalishaji ulipokoma nchini Mexico mwaka 2003, na injini zake hubadilishwa kwa urahisi, hata kutoka gari moja hadi jingine.

Kwanza, tuhakikishe kwamba nambari kweli haipo. Injini ya gari hili iko nyuma, na nambari hupigwa kwenye kasha la injini, chini ya kikalio cha jenereta, mahali panapokusanya mafuta na vumbi. Mara nyingine injini inayosemwa haina nambari ni chafu tu. Injini ikiwa imepoa, pasafishwe kwa brashi laini na kitambaa. Tupa, msasa na mashine ya kusagia visitumike. Makasha mengi ya asili ni ya aloi ya magnesi, na unga wake hushika moto upesi. Isitoshe, chapa iliyopigwa huacha mgandamizo chini ya uso wa chuma, na wataalamu wa maabara huweza wakati mwingine kuifufua kwa kemikali nambari iliyofutwa. Anayesugua zaidi huharibu ushahidi ambao huenda ungemtetea.

Pili, tuutazame uso wenyewe. Uso ulio sawa, wenye alama za kiwandani zisizoguswa, huweza kuwa wa kasha la kipuri, kwa maana makasha ya namna hiyo yaliuzwa bila nambari. Uso wenye mikwaruzo isiyo na mpangilio, au uliobonyea kuliko sehemu zinazouzunguka, unahitaji maelezo. Tusichanganye pia nambari ya injini na tarakimu zilizotokeza kwenye chuma tangu kilipomiminwa katika kalibu. Hizo hutaja aina ya kipuri, nazo hupatikana katika injini nyingi.

Tatu, fundi apime. Silinda hedi ikifunguliwa, hupimwa kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu. Injini ya 1200, iliyoanza mwaka 1954, ina kipenyo cha milimita 77 na mwendo wa milimita 64, yaani sentimita za ujazo 1192 kwa silinda zote 4. Ile ya 1300, iliyofuata mwaka 1965, ina kipenyo hichohicho cha 77, lakini mwendo wake ni 69. Ya 1500, ya mwaka 1966, ni 83 kwa 69. Ya 1600, iliyoenea kuanzia mwaka 1970 hivi, ni 85.5 kwa 69.

Tuseme Beetle ya mwaka 1962 inauzwa Busia au Mutukula. Kadi yake inataja injini ya 1200, lakini fundi anapata 85.5 kwa 69. Kipimo hicho kinatuambia kwamba injini ya awali imebadilishwa au imeongezwa ukubwa. Hakituambii kwamba imeibwa, wala kwamba ni ya muuzaji. Hapo ndipo kiini cha somo hili: kipimo hutambulisha aina ya injini, bali mwenye injini hutambulishwa na nambari au hati.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome nambari ya chesisi, ambayo katika Beetle imepigwa kwenye uti wa gari chini ya kiti cha nyuma, ailinganishe na kadi. Adai stakabadhi ya injini au maelezo ya maandishi ya fundi aliyeifunga. Kisha muuzaji na mnunuzi wafike pamoja katika kituo cha polisi, kwa kuwa polisi wa nchi jirani hushirikiana na Interpol, ambayo huhifadhi kumbukumbu za magari yaliyoibwa. Muuzaji anayekataa safari hiyo fupi amekwisha kujibu swali.

Mwenye injini isiyo na nambari asijipigie nambari ya kubuni, hata kwa nia njema. Aiombe mamlaka ya usajili maelekezo ya maandishi. Nasi majirani tusimwite mtu mwizi kwa sababu ya uso mtupu wa chuma. Tumwombe hati zake, na zikikosekana, tuviachie vyombo vya sheria vichunguze.