SOMO LA TOLEO HILI: GARI LA POLISI LILILOSTAAFU, RAHISI KULINUNUA, GHALI KULIENDESHA?

Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo karibu kila mwanafunzi anayekaa Muscat hulifikiria, hasa ikishafika Juni na joto likapita digrii 40: kununua gari. Na tutazungumzia gari la aina moja tu, maana ndilo linalowavuta vijana wengi. Ni ile sedani kubwa ya Kimarekani, injini V8, viti vipana, bei ya kutupa. Ukiuliza mbona rahisi hivyo, unajibiwa, "Lilikuwa la polisi huko Amerika, yaani limetunzwa."

Swali letu ni hili: je, kweli ni rahisi? Tulijibu kwa hesabu, si kwa macho. Kwa wengi wetu pesa ya gari ni pesa ya ada, au ni pesa ambayo mzee nyumbani kauza kitu ili aitume.

1. Lijue gari lenyewe

Sedani maarufu zaidi ya polisi wa Marekani ni Ford Crown Victoria, toleo linaloitwa Police Interceptor. Ina injini ya V8 ya lita 4.6, gia otomatiki, na inavutwa na magurudumu ya nyuma. Bodi yake imekaa juu ya chesisi kamili kama ya pikapu. Ilikuwa ikitengenezwa St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani tarehe 15 Septemba 2011, ikaletwa Saudi Arabia. Kwa hiyo Ghuba gari hili si geni. Mafundi wanalijua na spea zake zinapatikana.

Tulitendee haki: ni gari gumu. Toleo la polisi lina rejeta kubwa, kipoza oili, breki na springi nzito kuliko la kiraia. Tena huko lilikotoka lilikuwa na karakana yake na ratiba yake ya kubadilisha oili. Muuzaji anayesema "limetunzwa" huenda hasemi uongo. Tatizo ni kwamba limetunzwa, lakini pia limefanyishwa kazi ya punda.

Ukienda kwa wauzaji wa Muscat utasikia maneno mawili: "khaliji" na "warid". Khaliji ni gari lililoletwa jipya na wakala kwa ajili ya nchi za Ghuba, likiwa na eyakondishani na upozaji wa kuhimili joto la huku. Warid ni lile lililoingizwa kutoka nje likiwa limeshatumika, mara nyingi kutoka kwenye minada ya Marekani. Gari la polisi wa Marekani ni warid. Ndiyo maana bei iko chini, na ndiyo maana unatakiwa kulichunguza zaidi.

2. Usihesabu kilomita, hesabu saa

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Gari la kawaida likiwaka, linakwenda. Gari la polisi likiwaka, mara nyingi limesimama. Askari kakaa ndani anaandika ripoti, taa zinawaka, redio inawaka, eyakondishani inavuma, na injini inazunguka zamu nzima. Mita ya masafa haiandiki hata kilomita moja, lakini injini inalika.

Kwa bahati nzuri, Police Interceptor kuanzia toleo la 2006 ina mita ya saa za injini kwenye dashibodi. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Halafu fanya hesabu hii:

Tuseme mita ya masafa inasoma 100,000. Kwanza uliza: mia elfu ya nini? Gari la Marekani linahesabu maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Hiyo laki moja ni kama kilomita 161,000. Hapo wengi wameshaingizwa mjini, kwa sababu muuzaji hutamka namba akanyamaza.

Sasa mita ya saa inasoma 8,000. Gawanya: 161,000 kwa 8,000 unapata wastani wa kilomita 20 kwa saa. Gari la mtu anayechanganya mjini na barabara kuu lingekuwa na wastani wa 45 hivi. Kwa mwendo huo, saa 8,000 ni kilomita 360,000. Kwa maneno mengine, bodi ina umri wa kilomita 161,000, injini ina umri wa kilomita 360,000. Wewe unalipia bodi, lakini unarudi nyumbani na injini.

Wastani ukitoka 35 au zaidi, endelea kuzungumza bei. Ukitoka chini ya 25, shukuru, kunywa chai yako, ondoka. Na kama gari ni la kabla ya 2006 na mita ya saa haipo, chukulia kwamba saa ni nyingi mpaka ithibitike vinginevyo.

3. Soma namba ya chesisi kabla ya kumsikiliza muuzaji

Gari hili lina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Iko kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kwa Crown Victoria, tazama nafasi ya 5, ya 6 na ya 7. Ukikuta P71, au P7B kwa yale ya mwishoni, basi hilo ni la polisi. Ukikuta kitu kingine na muuzaji anasema ni la polisi, au kinyume chake, mmoja kati ya muuzaji na namba anadanganya, na namba hazina sababu ya kudanganya.

Nafasi ya 10 ni mwaka wa toleo: 5 ni 2005, 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011. Hakikisha namba ya kwenye gari na ya kwenye mulkiya ni moja, tarakimu kwa tarakimu.

Kwa namba hiyohiyo unaweza kununua ripoti ya historia ya gari kwenye intaneti, na mara nyingine ukakuta hata picha zake za mnadani. Angalia kama liliandikwa kuwa limeharibika kiasi cha kampuni ya bima kulikataa. Gari la aina hiyo likinyooshwa na kupigwa rangi, linang'aa kuliko zima.

4. Alama za kazi ya zamani

Ukishalifikia gari, pita nalo hivi, taratibu, mchana, likiwa limepoa:

(a) Juu ya paa na kwenye nguzo ya mlango wa dereva: kulikuwa na taa za polisi, kwa hiyo kulikuwa na matundu. Yamezibwa kwa nini? Nguzo ya chuma au gundi?

(b) Nyaya: vifaa vya polisi vilipong'olewa, nyaya zilikatwa. Nyaya zilizoachwa zikining'inia chini ya dashibodi na ndani ya buti ndizo zinazokula betri usiku, na siku mbaya zinaleta moto.

(c) Milango ya nyuma: mingi haifunguki kwa ndani, maana abiria wake hawakutakiwa kutoka. Kwako hili ni suala la uhai. Lirekebishwe kabla hujampakia mtu.

(d) Ufunguo: idara nyingi za polisi ziliagiza magari yao yote yafunguke kwa ufunguo mmoja. Ufunguo wako unaweza kufungua la mwingine, na wa mwingine ukafungua lako. Badilisha vitasa.

(e) Chini ya gari: majimbo ya baridi ya Marekani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Chumvi inakula chesisi. Lipandishwe juu kwa fundi, apigepige chuma kwa nyundo.

(f) Maji: inua zulia, nusa, pitisha mkono chini ya viti. Magari yaliyozama huuzwa baadaye, yawe ya mafuriko ya Marekani au ya hapahapa Oman baada ya Gonu ya Juni 2007, Shaheen ya Oktoba 2021 na mvua za Aprili 2024. Tope kavu kwenye maungio ya mikanda ya usalama halidanganyi.

(g) Kwa matoleo ya 1996 hadi 2001, mkagulie fundi ile manifoldi ya plastiki juu ya injini. Nyingi zilipasuka na kuvujisha maji ya rejeta, na injini ikachemka.

Baada ya hapo, jaribu gari. Sisi wa Ghubra tuna mtihani mzuri jirani: ile barabara ya mlima kutoka Bawshar kwenda Amerat. Panda nalo saa nane mchana, eyakondishani imewaka mpaka mwisho, macho kwenye mshale wa joto. Likipanda bila mshale kusogea na gia zikiingia bila kugonga, rejeta na giaboksi ni nzima. Wakati wa kushuka, breki zitajieleza zenyewe. Muuzaji akikataa kabisa mtihani huo, umeshapata jibu bila kuchoma petroli.

5. Hesabu ya petroli

Enzi za petroli ya ruzuku, V8 haikumtisha mtu. Oman iliachana na bei hizo Januari 2016. Bei ya juu ya M91 iliyowekwa Novemba 2021 ilikuwa baisa 229 kwa lita. Tuitumie hiyo.

Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi. V8 hii mjini inakunywa kama lita 15 kwa kilomita 100, yaani lita 150, sawa na riali 34.350. Gari dogo la silinda nne lenye kunywa lita 8 litatumia lita 80, sawa na riali 18.320. Tofauti ni riali 16.030 kila mwezi.

Sasa tuseme V8 inauzwa riali 700 na dogo riali 1,000. Umeokoa 300, unafurahi. Baada ya miezi 19 hizo 300 zimeshaishia kwenye tangi. Kozi yako ni ya miaka minne? Miezi 48 mara 16.030 ni riali 769. Gari "rahisi" limekugharimu riali 469 zaidi, na bado hatujagusa tairi wala breki.

6. Mulkiya ni ya nani?

Wanafunzi wengi huchanga. Watatu wanatoa pesa, gari moja, jina moja kwenye mulkiya. Jamani, hapa pana mtego mkubwa kuliko injini. Faini za kamera za ROP zinamfuata mwenye jina. Ajali ikitokea, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Na akimaliza masomo kabla yenu, gari haliwezi kuachwa hivihivi. Kama mnachanga, andikianeni kabla ya kulipa: nani kaweka kiasi gani, nani analipa faini, anayeondoka anarudishiwa nini. Undugu ni mzuri, karatasi inaulinda.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha muuzaji amelipa faini zote, gari linapita ukaguzi, bima iko kwa jina la mnunuzi (bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria), na umiliki unahamishwa kupitia ROP siku hiyohiyo mnayolipana. Taa au king'ora cha polisi kikiwa kimebaki, king'olewe. Na usibadilishe rangi kabla ya kuuliza ROP.

Wapo wanaosema, "Nikimaliza nitalipeleka nyumbani." Kwa Kenya futa wazo hilo: gari la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, na la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Tanzania na Uganda pia tunaendesha upande wa kushoto, na huko usukani wa kushoto ni taabu kila unapotaka kumpita lori. Nunua gari la kutumika Muscat na kuuzwa Muscat.

Maswali ya kujipima

1. Gari lina maili 90,000 na saa za injini 4,000. Wastani wake ni kilomita ngapi kwa saa? Je, uendelee kuzungumza bei?

2. Nafasi ya 5 hadi ya 7 ya namba ya chesisi inasoma P71, na ya 10 ni 8. Hilo ni gari gani, la mwaka gani?

3. Unaendesha kilomita 600 tu kwa mwezi na unabakiza mwaka mmoja wa masomo. Kwa bei za hapo juu, lipi ni nafuu kwako?

Majibu: (1) Maili 90,000 ni kama kilomita 145,000. Ukigawa kwa 4,000 unapata 36. Endelea, ila kwa tahadhari. (2) Police Interceptor, toleo la 2008. (3) Tofauti ya petroli ni kama riali 9.600 kwa mwezi, yaani 115 kwa mwaka, na uliokoa 300 kwenye kununua. Hapo V8 inaweza kukufaa, mradi imefaulu mtihani wa mlima.

Kwa hiyo hatusemi usinunue. Tunasema chukua kalamu kwanza. Muuzaji anajua bei ya gari, bei ya kuliendesha itafute mwenyewe.