Chupa za Kuvunja: Je, Zafaa Katika Zege?

Ndugu wanakikundi, nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Leo twatumia zege pia, na simiti ni ghali. Basi je, tuvunje chupa tutie badala ya kokoto?

Tuangalie kwanza. Kioo kina silika, simiti ina alkali. Vikikutana penye unyevu hutoa kitu kama ute. Ute hunyonya maji, huvimba, na zege hupasuka polepole, pengine baada ya miaka. Kisiwani unyevu haukosi. Hewa ya chumvi nayo huingia nyufani, vyuma vikashika kutu. Ole wao walalao chini ya slabu hiyo!

Kioo kilichosagwa laini kama simiti ni kingine: husaidia kushikanisha, na chaweza kushika nafasi ya sehemu ya simiti. Lakini hiyo yataka mashine na vipimo vya maabara, si nyundo na gunia.

Kwa hivyo tusitie vigae vya chupa katika nguzo, bimu wala slabu. Chupa nzima tuzioshe, tuziuze.

Zungumzeni: Fundi akileta kokoto, nani wetu huzikagua?