Somo Letu: Upepo, Mashine za Umeme na Ndege Wasafiri



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi. Mashine kubwa za upepo, ambazo zimekwisha simamishwa Kenya na Misri, je, ni kweli kuwa zaua ndege? Na zikija visiwani kwetu, tuzikubali au tuzikatae? Swali hili si dogo. Tumeona bora tulifanye somo la toleo hili, ili kila mwanachama awe na neno la kusema siku atakapotakiwa rai yake, asije akasema ndiyo kwa tamaa wala siyo kwa hofu.

UPEPO NA KAZI YAKE

Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa nguvu za upepo. Twaijua kaskazi, twaijua kusi, na wazee wetu walitusimulia tufani ya mwezi wa Aprili, 1872, iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndipo ilipokuwa shamba kuu la karafuu. Basi upepo kwetu ni rafiki na ni adui, kwa kadiri unavyokuja.

Mashine ya upepo yafaa kufananishwa na pangaboi, ila kazi yake ni kinyume. Pangaboi hula umeme likatoa upepo. Mashine hii hula upepo ikatoa umeme. Ina nguzo ndefu na mapanga matatu. Upepo ukiyazungusha mapanga, nayo huzungusha jenereta iliyo juu ya nguzo, na umeme hushuka kwa waya. Nguzo nyingi za siku hizi zina urefu wa mita 80 mpaka 120, na panga likisimama wima ncha yake yaweza kupita mita 150, yaani kama minazi mitano mirefu iliyopandana.

Hapa yako mambo mawili ya kushika. La kwanza: upepo ukizidi kasi mara mbili, nguvu zake hazizidi mara mbili, bali mara nane. Kwa hiyo mafundi hutafuta mahali penye upepo mkali kabisa, kama vile migongo ya vilima, vipito vya milima na kandokando ya bahari. La pili: mapanga yakitazamwa kwa mbali huonekana yazunguka polepole, lakini ncha zake huweza kwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Ndege aliyepigwa na ncha hiyo haponi.

NJIA ZA NDEGE

Ndege wasafiri ni wa namna mbili. Wako wapigao mbawa safari nzima, kama mbayuwayu, sululu na vitwitwi. Hawa huvuka bahari na jangwa, na wengi wao husafiri usiku. Tena wako wazito wenye mbawa pana, kama korongo, tai na tumbusi. Hawa wakipiga mbawa siku nzima huchoka, basi hungoja jua liipashe ardhi moto, hewa ya moto ipande juu, nao huikunjulia mbawa ikawainua kwa kuzunguka. Wakifika juu huteleza mbele mpaka penye hewa nyingine inayopanda.

Hewa ya namna hiyo haipatikani vizuri juu ya bahari. Kwa ajili hiyo ndege wazito hukwepa bahari pana, na wanapotoka Ulaya na Asia kuja Afrika hubanana katika milango michache: Gibraltar kwa upande wa magharibi, Bosporus huko Uturuki, na Suez pamoja na ghuba yake huko Misri. Njia ipitayo Bonde la Ufa na Bahari ya Sham hupitwa na ndege waeleao zaidi ya milioni moja na nusu, wa aina 37. Ndiyo njia ya pili kwa ukubwa duniani kwa ndege wa namna hii. Korongo weupe wanaoonekana katika mbuga za Tanzania bara na Kenya wakati wa kaskazi ni wa njia hiyo hiyo.

Sasa tazama ajabu yake. Ghuba ya Suez ina upepo mkali kupita mahali pengi duniani, na kwa sababu hiyo serikali ya Misri imesimamisha huko mashine nyingi, Zafarana na Gebel el Zeit. Mlango wa ndege na mlango wa upepo vimekuwa mahali pamoja. Ndiyo asili ya matata yote, wala si kwamba mwenye mashine amewachukia ndege.

MADHARA YENYEWE

Mtu huuliza, kwa nini ndege asiyaone mapanga makubwa namna ile? Jawabu ni kuwa macho ya ndege hayakuwekwa kama yetu. Wataalamu walioyapima macho ya tumbusi mwaka 2012 wameonyesha kuwa anapoinamisha kichwa kutafuta mzoga chini, mbele yake huwa hapaoni. Kwa maelfu ya miaka hapakuwa na kitu cha kumzuia huko juu, basi hakuwa na haja ya kutazama mbele.

Mfano mashuhuri wa hasara ni Altamont Pass, jimbo la California, Marekani. Tangu miaka ya 1980 zilisimamishwa huko mashine ndogo ndogo zaidi ya 5,000, pasipo kuuliza kwanza ni ndege gani wanaoishi hapo. Ikaja kubainika kuwa tai wa dhahabu walikuwa wakiuawa kwa makumi kila mwaka. Baada ya mashitaka na masikilizano, mashine nyingi za zamani zimeng'olewa, zikawekwa kubwa zilizo chache.

Tena tusisahau waya. Mashine haina faida bila ya nguzo za kuuchukua umeme, na nguzo mbaya yaweza kuua kuliko mashine. Karibu na Port Sudan ilijengwa laini ya umeme katika miaka ya 1950. Tumbusi weupe wasafiri walipotua juu ya nguzo zake waligusa waya wakafa, mamia kwa mamia, mpaka laini hiyo ilipoachwa mwaka 2014 na kuwekwa nyingine iliyo salama. Laini ile haikuwa na upepo wala mapanga, na ilidumu miaka sitini.

HESABU NA MAANA YAKE

Wako watu wasemao, "Haya yote ni makelele, mbona paka waua ndege wengi zaidi?" Hesabu ya Marekani yawaunga mkono. Makisio yaliyotolewa mwaka 2013 yalisema kuwa paka wa huko huua ndege baina ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka. Kwa makisio ya mwaka 2014, majumba na vioo vyake huua baina ya milioni 365 na milioni 988. Amma mashine za upepo, makisio ya mwaka 2013 yalikuwa baina ya 140,000 na 328,000. Kwa hesabu hiyo mashine ni jambo dogo.

Walakini mkulima wa karafuu ataiona kasoro ya hoja hii upesi kuliko wengine. Mvua ikiharibu karafuu zilizoanikwa, umepoteza mavuno ya siku chache. Msimu mwingine utachuma. Lakini akija mtu akaukata mkarafuu wenyewe, umepoteza miaka saba au minane ya kungojea mche mwingine ukue mpaka uzae. Magunia mawili ya hasara hayalingani na mti mmoja.

Basi shorewanda na ndege wengine wadogo, ambao paka huwakamata, huzaa mara kwa mara na kurudisha idadi yao. Tumbusi wengi hutaga yai moja tu kwa mwaka. Tai wa dhahabu hungoja kiasi cha miaka mitano kabla ya kuzaa. Akifa mkubwa mmoja katika hawa, ni mkarafuu uliokatwa. Kwa hivyo tukiletewa hesabu tusiulize "wangapi?" tu, tuulize "ndege gani?"

DAWA ZILIZOKWISHA JARIBIWA

Habari njema ni kuwa madhara haya hupunguzwa, na kwa gharama ndogo. Tutazitaja njia nne.

Kwanza, kuchagua mahali. Hii hupita zote. Mashine iliyowekwa nje ya njia ya ndege haina haja ya dawa. Iliyowekwa njiani hutaka dawa siku zote za maisha yake.

Pili, kuzisimamisha kwa muda. Huko Cádiz, kusini ya Uhispania, karibu na mlango wa Gibraltar, waliwekwa watazamaji wenye darubini. Wakiona tumbusi wanaikaribia mashine, hupiga simu na mashine ile husimamishwa mpaka wapite. Vifo vya tumbusi vikapungua kwa nusu, na umeme uliopotea kwa mwaka ulikuwa asilimia 0.07 tu, yaani chini ya kibaba kimoja katika vibaba elfu. Gebel el Zeit nako hutumiwa watazamaji na rada. Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, mashine 60 za Kipeto zina watazamaji kwa ajili ya tumbusi walio hatarini kutoweka. Hii ni kazi ya mshahara kwa vijana wa mahali penyewe, na yafaa tuikumbuke.

Tatu, rada kwa ndege wa usiku. Mwezi wa Mei, 2023, Uholanzi ilizipunguza mwendo mashine zake zilizo baharini, Borssele na Egmond aan Zee, kwa saa nne za usiku, kwa sababu kundi kubwa la ndege wasafiri lilitabiriwa kupita.

Nne, rangi. Katika kisiwa cha Smøla, Norway, mashine nne zilipakwa rangi nyeusi panga moja moja mwaka 2013, ili ndege auone mzunguko. Vifo vilipungua kiasi cha asilimia 70 kuliko mashine jirani zisizopakwa. Lakini mashine nne ni chache. Ni jaribio jema, si hukumu ya mwisho.

SISI NA VISIWA VYETU

Umeme twauhitaji. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba, 2009, mpaka Machi, 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Pemba nayo, tangu mwaka 2010, hupata umeme wake kwa waya wa bahari utokao Tanga. Mwenye kutegemea kamba moja hana budi kufikiri habari ya pili. Tena ndege hao hao hudhuriwa na joto la dunia linalozidi kwa moshi wa mafuta na makaa. Kwa hiyo si shauri la chama hiki kuupinga umeme wa upepo.

Shauri letu ni kuwa tuwajue viumbe wetu kabla ya kuulizwa. Korongo na tumbusi wasafiri hawapiti kwetu kwa makundi, kwa kuwa tumezungukwa na bahari. Lakini sululu na vitwitwi hushuka katika fukwe zetu za matope kwa maelfu. Maji yakitoka huenda kula, yakijaa hurudi kupumzika, mara mbili kila siku. Mashine ikiwekwa baina ya malisho yao na mapumziko yao, watapita mbele ya mapanga kila bamvua na kila maji mafu. Pemba tena ina ninga wake na popo wake mkubwa, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Popo huyo alikuwa karibu kwisha katika miaka ya 1980 na 1990, akarudi kwa maelfu baada ya wanavijiji kuunda vyama vya kumlinda. Si ndege, lakini mapanga ya upepo hayabagui, na mahali pengi popo hufa zaidi ya ndege. Ingekuwa hasara na aibu kumwokoa popo na wawindaji tukampoteza kwa panga.

Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 yataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kuanza, na wenyeji wasikilizwe. Haki hii haina maana kwa mtu anayekaa kimya. Huko Kinangop, Kenya, mradi mzima wa upepo ulivunjika mwaka 2016 kwa sababu ya ugomvi wa ardhi na wenyeji. Wote wakakosa, mwenye mashine na mwenye shamba. Tahadhari kabla ya hatari.

Basi akija mpimaji, mwanachama na amkaribishe kwa heshima, kisha amwulize haya:

1. Je, ndege na popo wa mahali hapa wamehesabiwa mwaka mzima, kaskazi na kusi, mchana na usiku, au kwa wiki moja tu?

2. Nguzo za waya zitapita wapi, na zimetengenezwaje ili ndege akitua asife?

3. Nani atakuwa na amri ya kuisimamisha mashine, na je, amri hiyo imeandikwa katika mkataba?

4. Watazamaji watakuwa vijana wa hapa?

5. Hesabu ya ndege waliokufa itatolewa hadharani kila mwaka, au itafungwa kabatini?

6. Mikarafuu itakayokatwa kwa njia ya magari na nguzo italipwa kwa bei gani?

Tunaomba kila tawi liyasome maswali haya katika mkutano wake ujao. Wavuvi na wazee wanaojua mahali sululu hulala maji yakijaa, na mahali popo hupanga, waandikiwe habari zao na ziletwe kwa Katibu. Daftari hilo tutaliweka ofisini, na atakayekuja kupima atalikuta limekwisha andikwa na wenye mahali.

Katibu wa Chama