Abasia ya Fountains na Mto Skell

Hudhaniwa mara nyingi kwamba watawa wa Enzi za Kati walijitenga na dunia ili wasali tu. Historia ya Abasia ya Fountains, iliyoko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, yaonyesha vingine. Mnamo Desemba 1132, watawa 13 walioihama monasteri yao mjini York, kwa kuona kwamba maisha ya huko yamelegea, walipewa ardhi kando ya mto Skell. Bonde lilikuwa jembamba na pori tupu, ila halikukosa mawe, miti wala maji. Muda si muda wakajiunga na shirika la Wasitoo.

Mto ndio uliowezesha mengine yote. Watawa waliujengea mahandaki ya mawe, kisha wakasimamisha majengo juu yake. Jengo la magharibi, walimokula na kulala ndugu walei, lina urefu wa takribani mita 90, na ncha yake moja imekaa juu ya maji. Mkondo ulichukua taka za vyoo. Kwingineko uliendesha kinu cha kusagia nafaka. Kinu hicho cha karne ya 12 kiliendelea kusaga hadi 1927, ilhali sala zilikuwa zimekoma karibu miaka 400 kabla. Nao ndugu walei walitunza kondoo, ambao sufu yao ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Italia. Hivyo watu walioukimbia utajiri wakafuatwa nao hadi porini!

Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliifunga abasia. Risasi ya mapaa iling'olewa, kuta zikaachiwa mvua. Mwaka 1767 William Aislabie aliyanunua magofu, yawe pambo la bustani ambayo babake alikuwa ameianzisha kwa kuelekeza maji ya Skell kwenye mabwawa. Tangu 1983 mahali hapa pamo mikononi mwa shirika la National Trust, na UNESCO ilipatambua kuwa turathi ya dunia mwaka 1986. Leo huingia watalii na wanafunzi. Usiku ni zamu ya popo.

Mto, hata hivyo, haujastaafu. Mvua ikizidi hufurika, na tope lake hujaza mabwawa. Kuta peke yake haziwezi kuuzuia. Ndiyo maana mradi wa Bonde la Skell umewageukia wakulima wa juu ya mto, ili miti na vidimbwi vipunguze kasi ya maji kabla hayajafika penye magofu.