Saa ya Kutunga: Mwalimu Aandikaye Hadithi

Wanachuo wengi huingia chuoni wakiwa na hadithi walizokwisha kuzianza, na huondoka nazo zikiwa hazijafika mwisho. Ukiwauliza sababu, watakujibu kuwa hawana wasaa. Jibu hilo nililitoa mimi pia. Likizo moja niliandika kurasa 40 kwa usiku 11, kandili ikiwa kando yangu; shule zikafunguliwa, daftari likafungwa. Nilipolifungua baada ya miaka miwili sikuweza kukumbuka kwa nini yule mvuvi wangu alikuwa akimkimbia nduguye. Hadithi ile ilishibishwa siku 11, kisha ikafungishwa miaka miwili. Ni ajabu gani ikifa?

Kazi ya mshahara si adui wa utunzi. Shaaban Robert (1909–1962) aliajiriwa ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akaendelea na utumishi wa serikali kwa miaka mingi huku akiandika. Huko Uingereza, Anthony Trollope (1815–1882) alitumikia Posta tangu 1834 hadi 1867, na ametuachia riwaya 47. Katika tawasifu yake, iliyotolewa mwaka 1883, ameeleza desturi yake: saa kumi na moja na nusu alfajiri yu mezani, nusu saa ya kwanza husoma aliyoyaandika jana yake, kisha, saa ikiwa mbele ya macho, hujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Mtumishi aliyemwamsha na kumletea kahawa aliongezewa paundi 5 kwa mwaka.

Sisi hatuna mtumishi huyo. Tuna madaftari ya kusahihisha, maandalio ya masomo, na wengine tuna shamba. Kwa hiyo hesabu ya Trollope tumwachie mwenyewe. Linalotufaa ni lile la kusoma kwanza. Msome mhusika wako kwa sauti ya chini, nawe utaisikia tena sauti yake kabla hujamwandikia neno jipya. Ugumu wa kuanza, ambao ndio uwavunjao wengi moyo, hupungua sana. Kisha andika nusu ukurasa, uache mahali ambapo bado unajua litakalofuata. Nusu ukurasa kwa siku 5 za juma, kwa majuma 40, ni kurasa 100. Siku ikipotea kwa homa au msiba, usijitwike kesho mzigo wa siku mbili. Deni la namna hiyo ndilo lililonishinda mimi.

Desturi hiyo hiyo yafaa darasani. Badala ya kuwadai wanafunzi wa Darasa la Tano insha moja ndefu siku ya Ijumaa, wape dakika 15 mara tatu kwa juma waendeleze hadithi ileile: dakika 5 za kusoma walipoishia, 10 za kuandika. Wino mwekundu uwekwe kando mpaka hadithi iishe, maana mtoto aliyesahihishwa kila sentensi huandika sentensi fupi zisizo na kosa wala uhai.

Nilipolijaribu zoezi hili, mtoto mmoja aliomba ruhusa ya kwenda na daftari nyumbani, kwa kuwa mbuzi wa hadithi yake alikuwa bado yumo kisimani. Nilimruhusu.