PUMZI CHINI YA MAJI: VIFAA VYA MZAMIAJI NA DHARURA YA HEWA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wengi wetu hapa chamani tunatoka Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Bahari tunaiona kwenye televisheni tu. Huenda ukauliza, mambo ya kuzamia yanatuhusu nini sisi watu wa matatu namba 46?

Yanatuhusu sana. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee kule Likoni, Mombasa, likiwa na mama na bintiye. Nchi nzima ilikaa ikingoja. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Siku hizo zote watu walikuwa wakifoka: "Hao wapiga mbizi wanangoja nini? Si waingie tu!" Jibu la swali hilo limo katika somo letu la Fizikia, na ndilo nitakaloeleza hapa.

1. HEWA YA MTUNGI HUISHAJE?

Kwanza turekebishe lugha, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Tumezoea kusikia "mitungi ya oksijeni". Mzamiaji wa kawaida habebi oksijeni tupu. Hubeba hewa hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa kwa mashine. Oksijeni tupu huweza kuwa sumu ukipita kina cha mita 6 hivi, hata mtu akapatwa na degedege majini. Basi tuseme mtungi wa hewa.

Pili, shinikizo. Ufukoni hewa hutukandamiza kwa angahewa 1. Kila mita 10 za maji huongeza angahewa 1 nyingine. Kwa hivyo kina cha mita 10 kina angahewa 2, na mita 20 angahewa 3. Kanuni ya Boyle inatufunza kwamba shinikizo likizidi mara mbili, ujazo wa gesi hupungua kwa nusu. Maana yake, ili mapafu yajae ukiwa mita 20 chini, kila pumzi hula hewa mara tatu ya pumzi ya juu.

Hebu tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa 1 ni karibu sawa na angahewa 1) una lita 2,400 za hewa. Tuseme mtu anatumia lita 20 kwa dakika. Mtungi mzima utamtosha hivi:

Juu ya maji: dakika 120
Mita 10: dakika 60
Mita 20: dakika 40
Mita 30: dakika 30
Mita 58: kama dakika 17

Hapo hatujatoa muda wa kushuka, wa kupanda polepole, wala akiba. Mwenye hofu naye hupumua mbio zaidi. Fauka ya hayo, kina kama hicho kina giza, na naitrojeni iliyo katika hewa humlevya mtu kama pombe. Ama kwa hakika, "si waingie tu" ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye kochi!

2. KUCHAGUA VIFAA

(a) Miwani. Iwe ile inayofunika na pua. Ile midogo ya kuogelea haifai, kwa sababu huwezi kupulizia hewa ndani yake kwa pua, na shinikizo litakuumiza macho. Kuijaribu, iweke usoni bila kuvuta mkanda, kisha vuta hewa kidogo kwa pua. Ikishika yenyewe, inakufaa. Ikianguka, iache, hata kama ni bei ya mitumba.

(b) Regyuleta. Hiki ndicho kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungi hadi kiwango cha kuvutika. Iwe na midomo miwili: mmoja wako, wa pili wa akiba, ambao kwa kawaida huwa wa manjano ili uonekane upesi. Huo wa pili ni wa kumwokoa mwenzako.

(c) Geji. Huonyesha baa zilizobaki na kina ulichofika. Geji isiyotazamwa ni pambo tu.

(d) Jaketi la kuelea na mshipi wa risasi. Jaketi hutiwa hewa au kupunguzwa ili usizame wala kupaa ovyo. Mshipi uwe na kifungo cha kufunguka kwa mkono mmoja.

(e) Mtungi. Angalia tarehe ya ukaguzi iliyopigwa mhuri shingoni. Uliza pia hewa imejazwa wapi. Mashine ikivuta moshi wa injini, kaboni monoksaidi itaingia mtungini, na sumu hiyo haina harufu.

3. HEWA IKIKATIKA

Usidhani ni washamba tu wanaoishiwa. Mwezi wa Julai 2018, Saman Gunan, aliyekuwa zamani mwanajeshi wa majini wa Thailand, alifariki akipeleka mitungi katika pango walimonaswa wavulana 12 na kocha wao. Kwa hivyo hatua hizi hufanyiwa mazoezi tena na tena, kwanza katika kidimbwi:

Kwanza, tulia. Simama, pumua, fikiri.
Pili, mwashirie mwenzako kwa kupitisha kiganja mbele ya koo kama anayechinja. Maana yake: sina hewa.
Tatu, chukua mdomo wake wa akiba, puliza maji yatoke, ndipo uvute.
Nne, shikaneni mikono na mpande pamoja, polepole, kama mita 9 kwa dakika.
Tano, mwenzako akiwa mbali na wewe huko chini sana, panda peke yako huku ukitoa hewa mfululizo kwa kusema "aaaa".

Kanuni kuu ni hii: usizuie pumzi kamwe ukipanda. Lita 6 za hewa mapafuni kwenye mita 20 zitataka kuwa lita 18 ukifika juu. Mapafu si puto, yatapasuka.

4. SAFARI YA KURUDI NAIROBI

Hili wengi hawalijui. Naitrojeni huyeyuka katika damu ukiwa chini. Ukiondoa shinikizo ghafla, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na mapovu hayo huweza kumpooza mtu. Sasa Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Mtu akizama Diani alasiri, kisha apande ndege, treni au basi la usiku, ni kama anaendelea kupanda kutoka majini. Ushauri wa kawaida ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kama ulizama mara kadhaa.

Wenzangu, haya ni ya kukufungua macho tu. Usivae mtungi bila mwalimu aliyehitimu. Lakini pia tusiwacheke wanaoingia majini kwa ajili yetu. Kila wakishuka, dakika zao zimehesabiwa.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Mtungi wa lita 10 una baa 200. Mzamiaji anatumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, na anataka kubakiza baa 50. Atakaa dakika ngapi kwenye mita 40?
2. Puto lina lita 2 kwenye mita 30. Litakuwa na lita ngapi likifika juu?

(Majibu: 1. Dakika 15. 2. Lita 8, kama halijapasuka!)